Kituo Namba Saba

Kwa miaka sita hakuna karatasi niliyoitolea kopi nyingi kuliko fomu ya Winfrida. Ilikuwa ukurasa mmoja wenye mistari kumi na miwili, na juu yake herufi kubwa: UKAGUZI WA USALAMA. Geti la kuingilia, geti la kutokea, taa, mitungi ya kuzimia moto, vyoo, na kuendelea mpaka chini. Kila mstari uliitwa kituo na ulikuwa na namba yake. Winfrida, mlinzi wa zamu ya mchana hapa stendi ya mabasi ya Tukuyu, alizunguka mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nne na nusu na saa tisa, akitia alama ya vema kila alipopita.

Pembeni ya fomu aliandika mambo ambayo hakuna aliyemwomba ayaandike. "Mkungu wa ndizi mlangoni pa choo cha wanaume, mwenyewe yuko chai." "Taa ya tatu inapepesa, imeanza jana." "Dereva wa basi la Kyela analia, sijamuuliza." Kila Jumamosi alileta fomu zilizojazwa nimtolee nakala za kubaki nazo, na mimi nilizisoma zote kabla ya msimamizi wake. Ile ya dereva ilinisumbua wiki nzima.

Nijieleze kidogo. Kibanda changu cha steshenari kiko upande wa mashariki wa stendi, na watu wananiita Mama Leah. Mimi si mtu wa huku. Nimetoka Kondoa, nimemfuata mume aliyepangiwa kufundisha hesabu, na tangu nifike kazi yangu kubwa imekuwa kuuliza. Mume wangu anasema siku nikifa nitauliza jeneza limenunuliwa duka gani. Anasema kwa utani, lakini si utani sana.

Winfrida alizaliwa Kisiba, vijiji vile vya karibu na ziwa lililo ndani ya shimo la volkano. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha akaenda mafunzo ya mgambo kwa sababu, aliniambia, alipenda jinsi walivyogeuka wote kwa pamoja. Aliolewa na Yona, mkulima wa chai wa Kinyala, wakapata watoto wawili, wakapanga nyumba hapa mjini. Kazi ya ulinzi aliipata kupitia kampuni ambayo sitaitaja. Aliipenda. Sijawahi kumwona mtu anayepita kwenye mtungi wa kuzimia moto akaugusa begani namna ile, kana kwamba anamsalimia mtu.

Na hapa ndipo ninapoingia kwenye jambo lenyewe. Winfrida haonani na baba mkwe wake.

Simaanishi wamegombana. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke akishaolewa hamtazami baba wa mumewe, hazungumzi naye, hakai naye chini ya paa moja, na jina lake halitamki. Desturi hiyo wanaiita ukutila. Ukiwauliza maana yake watakwambia ni kuogopa, kisha watajirekebisha, hapana, ni kuheshimu. Vijana wengi wameiacha. Wapo wanaokula meza moja na wakwe zao na kupiga nao picha siku ya Krismasi. Winfrida hakuiacha, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kusitasita.

"Mama yangu alimpa babu heshima hii mpaka anazikwa. Mimi nina nini kingine cha kumpa huyu mzee? Hela sina. Shamba ni lake. Hii ndiyo yangu."

Sasa baba mkwe mwenyewe ni Mzee Ambindwile, fundi miavuli, na ofisi yake ni kigoda chini ya ukuta wa stoo ya vifurushi, mkabala na dirisha langu. Alikuwa hapo kabla ya Winfrida kupangiwa stendi. Ukuta huo ndio mkavu kuliko kuta zote za hapa kwa sababu bati limetokeza mbele, na mji huu kwa mvua mnaujua. Kigoda chake kinagusa mlango wa stoo. Mlango wa stoo ndio kituo namba saba.

Walivyoishi miaka sita bila kugongana ni kitu nilichokitazama kila siku na sikuchoka. Raundi ya asubuhi haikuwa na shida, mzee alikuwa bado hajafika. Saa moja pikipiki ilimshusha kutoka Kinyala, na kabla ya kukata kona ya ofisi za tiketi alikohoa mara mbili. Winfrida akisikia alihamia upande wa pili wa stendi. Kwa raundi mbili zilizobaki alikuja nyuma ya kibanda changu, akageuza uso kuelekea barabara ya Mbeya, akaniuliza, "Mama Leah, saba?" Mimi nilitazama ng'ambo. Mlango umefungwa, kufuli lipo, hakuna mzigo uliotupwa. "Saba salama," nilisema, naye akatia vema. Kwa sheria za kampuni ule ulikuwa udanganyifu na mimi nilikuwa mshirika. Sijutii hata chembe.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaja Hezron, kijana wa kampuni kutoka Tabora, mrefu, mpole, ana begi lenye simu mpya na bahasha ya stika. Alitumia umeme wangu kuchaji, kwa hiyo mafunzo yote nilihudhuria. Alisema fomu za karatasi zimekwisha. Kuanzia Jumatatu ukaguzi utafanywa kwa simu, kwa programu ambayo kampuni iliianzisha kwenye stesheni za reli na sasa inaisambaza hadi stendi za mabasi.

"Karatasi inadanganya, mama," aliniambia, wala hakuwa na nia mbaya. "Mtu anakaa pale kivulini, anatia vema kumi na mbili, anaenda zake. Simu haidanganyi."

Nilitazama mashine yangu ya kopi nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni nadra.

Hezron alizunguka na Winfrida kabla mzee hajafika, akabandika stika kumi na mbili zenye vidoadoa vyeusi. Utaratibu ulikuwa hivi. Mlinzi anafika kituoni, anaielekezea simu stika mpaka inalia, kisha anageuza simu na kujipiga picha yeye mwenyewe na stika ikionekana nyuma yake. Simu inajua yuko wapi na ni saa ngapi. Kituo kikikaguliwa kinageuka kijani, kisipokaguliwa kinageuka chekundu. Vyekundu vitatu ndani ya wiki moja, mlinzi anaondolewa lindoni. Nilimuuliza Hezron kama anaonywa kwanza. Alisema haonywi, anaondolewa, na nafasi yake inajazwa siku hiyo hiyo.

Ile programu ilikuwa na udadisi kunizidi. Kabla ya kila raundi iliuliza maswali, na kwa kuwa ilizaliwa kwenye stesheni, swali la kwanza lilikuwa: "Je, njia ya reli iko wazi?" Reli ya karibu iko Mbeya. Siku ya majaribio Winfrida, mtu mkweli, alijibu hapana, na ndani ya dakika mbili mtu wa makao makuu alipiga simu akihema, anauliza treni imesimama wapi. Kuanzia hapo alijibu ndiyo. Tulilijadili sana jibu hilo. Mwisho tukakubaliana kwamba si uongo, kwa sababu kweli hapakuwa na kitu chochote juu ya reli yetu.

Jumatatu, raundi ya alfajiri, vituo vyote kumi na viwili vilikuwa kijani. Alinionyesha kwa furaha. Saa nne na nusu alizunguka vituo kumi na kimoja, akaja nyuma ya kibanda, akaniuliza kwa mazoea, "Saba?" Nikasema salama. Kisha tukatazamana. Simu haikuwa na mahali pa kuandika maneno ya Mama Leah.

"Nipe niende mimi," nikasema.

Nilivuka na simu, nikamsalimia mzee, nikaskani stika iliyokuwa juu kidogo ya kofia yake, nikajipiga picha. Simu ikaandika: "Sura haitambuliki." Nikajaribu kutabasamu kama Winfrida. Haikutambua. Tulifunga simu kwenye kijiti kirefu ili aipenyeze kutoka pembeni, lakini stika ilitaka mtu asimame mbele yake hatua mbili. Tukasubiri mzee aende haja. Mzee yule ana kibofu cha ajabu, tangu saa moja mpaka saa kumi na moja hanyanyuki.

Na hata kama Winfrida angeweza kusimama pale amefumba macho, picha ingewachukua wote wawili. Mkwe na mkamwana, bega kwa bega, ndani ya fremu moja, inatumwa makao makuu. Winfrida alipolifikiria hilo aliziba mdomo kwa mkono.

Saa nne na nusu kituo kikawa chekundu. Saa tisa kikawa chekundu. Hezron alipiga simu kutoka Mbeya, na kwa kuwa Winfrida aliweka sauti ya nje, nilisikia yote.

"Kituo cha saba kuna nini?"

"Kuna mtu amekaa."

"Mwambie asogee."

"Siwezi."

"Ni mkorofi? Nikuletee askari?"

"Hapana, hapana. Ni mtu mzuri."

"Sasa kama ni mtu mzuri si atasogea? Haya, kwenye programu kuna sehemu ya kizuizi. Andika jina lake na sababu. Lakini kumbuka umebakiza chekundu kimoja, dada. Mimi sina uwezo wa kukizuia, inajiendesha yenyewe."

Tulifungua sehemu ya kizuizi. Ilitaka kwanza uchague aina: gari, mzigo, mnyama, mtu. Akachagua mtu. Ikatokea: "Jina la anayezuia." Kidole chake kikasimama.

"Kuandika nako ni kutamka?" nilimuuliza. Nilitaka kujua kweli, si kwa ajili yake tu.

Alifikiri. "Sijui. Bibi yangu hakujua kuandika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza."

Aliifunga ile sehemu bila kuandika. Nikamwambia basi nimwombe mzee asogeze kigoda hatua tatu, nini kinashindikana. Hapo alinikasirikia, mara ya kwanza tangu tujuane. Alisema mwezi wa tatu huu, mvua hii, mimi nataka amtoe baba wa Yona kwenye ukuta mkavu ili yeye abaki na sare. Alinitaka niahidi kwamba sitamwomba ahame. Nikaahidi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa na hofu kwamba kesho yake saa tano asubuhi nitakuwa namtazama mlinzi mwingine.

Niliahidi kutomwomba ahame. Sikuahidi kwamba sitapeleka mwavuli wangu kwa fundi. Jumanne saa tatu nilivunja njiti mbili za mwavuli wangu kwa mikono yangu mwenyewe nikavuka.

"Habali za nyumbani, Mama Leah," mzee alisema. Kiswahili chake hakina herufi ya ra, kama cha wazee wengi wa huku. Aliugeuza mwavuli. "Huu haukuvunjwa na upepo."

"Hapana, mzee. Nimeuvunja mimi nipate cha kuzungumza."

Alicheka kifuani. Nikamweleza yote, simu, stika iliyo juu ya kofia yake, picha, rangi nyekundu. Sikumtaja Winfrida kwa jina, nilisema mlinzi. Alisikiliza akiendelea kunyoosha njiti kwa koleo.

"Anapiga picha ya ukuta?"

"Ya ukuta na ya uso wake mwenyewe."

"Na mimi niko ukutani."

"Ndiyo."

"Asipopiga?"

"Leo hii hii anaondolewa."

Alinyoosha njiti ya pili. Nilisubiri aseme atahama, na kwa kuwa si mimi niliyemwomba ningekuwa sijavunja ahadi. Hakusema hivyo. Aliuliza, "Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Na saa tisa."

"Ndaga," alisema. Hiyo ni asante yao. Akanirudishia mwavuli ukiwa umepona.

Nilirudi nikamwambia Winfrida kwamba mzee anajua. Alishtuka, akaniita mropokaji, akasema kwa hiyo sasa ameshamtia mzee aibu. Nikamwambia hata mimi sijui atafanya nini, ila ikifika saa nne na nusu aende. Alikwenda kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Alivuka kinyumenyume. Sioni namna nyingine ya kulieleza. Alitanguliza mgongo, kofia ameishusha machoni, simu mkononi, akihesabu hatua kwa kutazama mistari ya maji kwenye sakafu ya stendi. Wakata tiketi waliacha kupiga kelele. Alipofika usawa wa mtungi wa moto, Mzee Ambindwile alinyoosha mkono kwenye rundo la miavuli ya wateja, akachagua mmoja mkubwa mweusi, akaufungua mbele yake, akajikunja nyuma yake na kigoda chake na koleo lake. Hakuonekana hata kiatu. Winfrida alisikia ule mlio wa mwavuli kufunguka, akasimama. Sijui alielewaje, lakini alielewa. Akapiga hatua mbili za mwisho, akainua simu pembeni ikaskani, akajipiga picha. Pii. Kijani.

Alirudi kibandani, akakaa juu ya boksi la karatasi, akacheka mpaka akatoa machozi. Kwenye picha kulikuwa na uso wake, stika, na mwavuli.

Iliendelea hivyo zaidi ya wiki mbili. Kila saa nne na nusu na saa tisa mwavuli ulifunguka, na haukuwa mmoja. Mzee alitumia wowote uliokuwa juu ya rundo. Wa bluu, wa maua, wa mtoto wenye masikio ya paka ambao haukumtosha na ilibidi aongezee na mwingine. Watu wa stendi walizoea. Mimi nilimwomba Winfrida anionyeshe picha kila jioni, nikizitazama zote kwa mfuatano.

Tatizo ni kwamba si mimi pekee niliyezitazama.

Alhamisi moja saa tisa kasoro, mvua inamwagika, Hezron akashuka kwenye gari bila taarifa. Hakuniona wala hakunisalimia. Alisimama chini ya bati la ofisi za tiketi, akamwona Winfrida akivuka kinyumenyume, akaona mwavuli ukifunguka, akaenda moja kwa moja.

"Mzee, funga huo mwavuli."

Mwavuli haukufungwa.

"Mzee, hapa ni kituo cha usalama. Kuna mtu anajificha uso mlangoni pa stoo ya vifurushi mara mbili kwa siku, siku kumi na saba. Makao makuu wameniuliza ni nani nikakosa jibu. Funga nikuone." Akanyoosha mkono kuushika.

Winfrida alichuchumaa pale pale, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, mvua inampiga. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Nilivuka bila viatu, nikaushika mkono wa Hezron kabla haujafika.

"Usiushike. Muulize kwanza."

"Namuuliza nani, mama?"

"Yeyote."

Alimgeukia Winfrida. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeaibishwa na wakubwa wake. "Winfrida, huyu ni nani?"

"Ni baba wa Yona," alisema, bado amechuchumaa.

"Jina lake."

Winfrida aliinamisha kichwa zaidi.

"Nikiondoka hapa bila jina, kesho lindo hili lina mtu mwingine. Unanielewa? Sikutishi, ndivyo ilivyo. Nina kisanduku cha kujaza. Jina lake."

Winfrida alisimama taratibu, mgongo kwetu. Maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni. "Basi jaza mtu mwingine," alisema. Alianza kufungua filimbi iliyoning'inia shingoni mwake ili amkabidhi.

Nilijisikia vibaya sana. Ni mimi niliyevunja njiti zile.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mwavuli. "Ambindwile. Andika, kijana. Ambindwile wa Kinyala. Jina langu nalitamka mwenyewe, yeye usimlazimishe."

Hezron akanitazama mimi. Nikamweleza, haraka na kwa mpangilio mbovu, ukutila, ukuta mkavu, mchezo wetu wa zamani wa "saba salama," bibi asiyejua kuandika. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, ambalo ningeliuliza mimi ningekuwa yeye. "Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja tangu aolewe."

Alichukua simu yake akapiga makao makuu. Maneno tuliyoyasikia ni ya upande wake tu. Alisema anaomba kuhamisha stika ya kituo cha saba. Alisema sababu ni mtu. Hapana, si mhalifu. Ni... alitafuta neno. "Ni mkwe," alisema. Sauti ya upande wa pili ilicheka kwa nguvu, kisha ikaacha kucheka, ikauliza jambo fupi. "Ndiyo," Hezron alijibu, "Rungwe." Akasikiliza kidogo, akaitoa simu sikioni.

"Anasema nihamishe. Anasema yeye ni wa Masukulu, huku huku Rungwe, ningemwambia tangu mwanzo."

Aliibandua stika kwa ukucha, akazunguka nyuma ya stoo, akaibandika kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama wauza viazi. Winfrida akaenda akaskani, uso mbele safari hii, macho wazi. Kijani. Vyekundu viwili vya wiki ile ya kwanza Hezron alivifuta, akaandika kwamba kosa lilikuwa la aliyebandika. Winfrida aliivaa filimbi shingoni tena. Alishindwa kuifunga vizuri, nikamsaidia.

Yangeishia hapo, lakini Hezron alirudi mbele, kwa mzee, akachuchumaa kando ya kigoda. Winfrida alikuwa amebaki nyuma ya pembe ya stoo, hatua nne hivi, hawaonani. Mwavuli ulikuwa umeshafungwa.

"Mzee, zile picha za mwavuli natakiwa nizifute," Hezron alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ziko thelathini na tatu. Uso wake uko kwenye zote. Kabla sijazifuta, hutaki kumwona mkweo hata mara moja? Ni picha tu. Hayupo hapa."

Akaigeuza simu kuelekea kwa mzee.

Nilisogea. Nakiri nilisogea. Nilitaka kujua kama kutazama picha ni kutazama mtu, na hapo palikuwa na mwenye haki ya kulijibu swali hilo.

Mzee Ambindwile alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, mikunjo ikajaa usoni, akaweka koleo mapajani.

"Iondoe, kijana."

"Samahani, mzee."

"Hukukosea." Bado amefumba. "Lakini wewe umeziona?"

"Nimeziona zote."

"Basi niambie. Amevaa koti?"

Hezron hakutegemea swali hilo. Aliitazama simu, akapitisha kidole, picha moja, nyingine, nyingine. "Hajavaa, mzee. Ana shati la kazi tu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mzee alipapasa koleo mapajani. "Balidi ya hapa alfajili," alisema, "na mimi nakohoa kule konani nikidhani wamempa koti."

Nyuma ya pembe ya stoo mtu alivuta pumzi. Kisha Winfrida akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maneno akiyaelekeza kwangu, "Mama Leah, mwambie huyo kijana koti ninalo. Liko nyumbani. Naliogopea mvua, ni la kanisani."

Miaka sita nimewatazama, na sikuwahi kusikia sauti yake ikifika pale ukutani. Mzee alifumbua macho. Hakugeuza shingo. Alichukua koleo, akalishika bila kufanya nalo chochote.

"Mama Leah," alisema, "mwambie alivae. Likichakaa kuna mwana wangu Yona, atanunua lingine."

Nilifungua kinywa nipeleke ujumbe. Nikakifunga. Winfrida alikuwa ameshasikia, na alikuwa analia.